Kurunzi na Mizani ya Haki



Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya akina mama huko Msambweni, mama mmoja alitusubiri mlangoni, kisha akatoa mkobani kurunzi ndogo nyeusi. Aliinunua kwa shilingi 850 kwa ajili ya binti yake, ambaye hutoka chuoni na mdogo wake baada ya sala ya Isha, wakapita kwenye minazi kabla ya kufika nyumbani. Kasha lake liliandikwa kwa herufi nene kuwa inatoa lumeni 100,000. Usiku wa kwanza iling'ara hata majirani wakachungulia. Baada ya dakika kumi ikawa haishikiki kwa joto. Usiku wa tatu ikawazimikia watoto katikati ya minazi, wakasimama pale gizani, mkubwa amemkumbatia mdogo, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akirudi msikitini akawafikisha kwao.

"Sheikh," akatuuliza, "hii ni dhulma, ama ni mimi nisiyejua kununua?"

Tulimjibu kwamba yote mawili yapo na hulishana: muuzaji huandika apendalo kwa kuwa mnunuzi hajui la kuuliza. Surat Al-Mutaffifin, sura ya 83, inaanza kwa onyo kali juu ya wanaopunja vipimo. Tumezoea kuisoma huku tukimfikiria muuza mchele na kibaba chake. Leo kibaba kimehamia kwenye kasha la kurunzi. Wanaotujua wanajua pia kwamba kufungua kurunzi ni ugonjwa wetu wa zamani. Meza yetu ina vitabu upande mmoja na chuma cha kulehemia upande wa pili, na mama watoto ameshakata tamaa ya kuitenganisha.

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Taa ya LED ya kurunzi ya mkononi, ikiwa nzuri, hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Lumeni 1,000 zataka wati 10. Lumeni 100,000 zataka wati 1,000, yaani umeme wa pasi ya kunyooshea nguo, utoke kwenye kijibetri cha ukubwa wa kidole gumba! Betri nzuri ya aina hiyo hubeba wati-saa 11 hivi. Hata lau ingaliweza kuutoa umeme wa pasi, ingalimalizika kwa sekunde 40.

Basi kurunzi ndogo inayosema kweli hutaja lumeni mia kadhaa, au elfu moja na kitu, na hukwambia itadumu kwa muda gani katika kila ngazi ya mwanga. Kuna kipimo cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, kilichotolewa mwaka 2009, ambacho viwanda vyenye kujiheshimu hukifuata. Kwa kipimo hicho, lumeni hazihesabiwi pale tu taa inapowashwa, bali baada ya nusu dakika na zaidi, kwani taa nyingi hung'aa mno mwanzoni kisha zikanywea. Muda wa kudumu huhesabiwa mpaka mwanga ubakie sehemu moja ya kumi ya ulivyoanza. Na umbali, hapa ndipo tulipopapenda, huhesabiwa mpaka pale ambapo mwanga umefifia ukawa sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Sisi tunaofunga Ayyamul-Bidh, siku za 13, 14 na 15 za mwezi, twaujua mwanga huo barabara. Unaona umbo la mtu, huioni sura yake. Kwa hiyo kasha likisema mita 200, zingatia kwamba penye mita 200 utaona kitu kimesimama, lakini hutajua kama ni mbuzi au ni mwanadamu. Gawanya kwa mbili, au hata kwa tatu, upate umbali wa kazi.

Tuje kwenye betri, kwani humo ndimo lilimo jambo kubwa zaidi. Betri ya mama yule iliandikwa 9900 mAh. Ni ya lile umbo liitwalo 18650, upana wake milimita 18 na urefu milimita 65, ambalo watu wengi wameliona ndani ya kurunzi za kuchaji na betri za kompyuta kuukuu. Betri njema ya umbo hilo hubeba baina ya 2500 na 3500. Hiyo 9900 si kutia chumvi, ni uongo. Tulimwomba sonara mmoja wa Ukunda atuwekee kwenye mizani yake ya dhahabu. Betri ya kweli huwa na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Yake ilikuwa gramu 27. Katika betri za namna hiyo mara nyingine hukutwa kibetri kidogo kimefichwa, na nafasi iliyobakia ikajazwa unga wa kuipa uzito. Tafadhali msizipasue kuhakikisha, mizani yatosha. Sonara alicheka akasema kwamba katika kazi yake, mtu wa kupunja vile angekuwa jela.

Lau hasara ingekuwa ni shilingi 850 peke yake tusingaliandika safu nzima. Betri hizi za lithiamu, zilizoanza kuuzwa madukani mwaka 1991 na kampuni ya Sony, hubeba nguvu nyingi mahali padogo, na nguvu hiyo ikitoka kwa pamoja huwa ni moto. Betri ya kweli haitakiwi kuchajiwa kupita volti 4.2. Chaja njema husimama hapo. Chaja dhaifu huendelea kusukuma.

Sisi wenyewe yalitufika. Miaka michache iliyopita, katika Ramadhani, tuliacha betri ya kurunzi ya bei rahisi kwenye chaja, na chaja tuliiweka juu ya godoro la chumba cha wageni kwa kuwa waya ulikuwa mfupi. Tulipoamka kula daku tukasikia harufu kama ya plastiki iliyoungua. Shuka ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani ya chai, godoro limeanza kuyeyuka, na betri imevimba imepasua ganda lake. Mjukuu wetu alikuwa amelala chumba cha pili, mlango kwa mlango. Lau daku ingekuwa saa moja baadaye, Allah ndiye ajuaye.

Asubuhi yake tulikaa tukakumbuka Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, ya nyumba iliyoungua usiku huko Madina pamoja na watu wake, na jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyotuamrisha kuzima moto tunapolala. Katika mapokezi mengine ametaja panya anayeweza kuuburuta utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba. Tumeisomesha Hadithi hii kwa miaka na miaka, na kila mara tukifikiria kibatari na fanusi za wazee wetu. Hatukuwahi kufikiria chaja. Aibu ilikuwa yetu.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu betri huchajiwa watu wakiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au sahani ya bati, mbali na pazia, godoro na makuti. Anayekwenda kulala huing'oa. Betri ambayo ganda lake la juu limechanika hatuitumii, na iliyovimba hatuigusi tena kwa chaja wala hatuitupi jikoni penye vifuu na makumbi. Na akina dada, betri ya ziada isitembee mkobani pamoja na funguo na sarafu. Chuma kikigusa ncha zake zote mbili, mkoba huwaka moto ukiwa begani. Itieni kwenye kikasha kidogo cha plastiki, hata kile cha dawa.

Kwa nyumba ambayo watoto huchaji wenyewe bila kuangaliwa, sisi twapendelea kurunzi ya betri ndogo za kawaida, zile za AA zinazouzwa kila duka kuanzia Kinango hata Lunga Lunga. Mwanga wake ni mdogo, lumeni mia moja au zaidi kidogo, lakini zikiisha unanunua nyingine, na hazina hatari ile ya moto. Wauzaji hawatapenda kusikia, ila mia moja yatosha kabisa kwa njia ya miguu. Mtu aishiye pembezoni mwa Shimba Hills, ambako ndovu huingia mashambani usiku, huyo ana hoja ya kutaka kurunzi ya kuona mbali, naye asitazame lumeni bali kandela, kipimo cha ukali wa mwale. Kandela 10,000 zafikisha mita 200 za ile mbalamwezi tuliyoitaja. Sisi wengine twataka kuona hatua kumi mbele ya miguu yetu.

Lakini kuona nini? Hili ni swali ambalo mwenye duka haulizwi. Katika njia za minazi na mikorosho ya kwetu, kinachotutia hofu zaidi ni moma. Nyoka huyu hakimbii kama wengine asikiapo nyayo. Hutulia akitegemea rangi yake, kahawia na manjano juu ya majani makavu, mpaka akanyagwe. Sasa taa nyeupe ya LED kwa asili yake si nyeupe. Ndani yake mna kipande kinachotoa mwanga wa buluu, ambacho uvumbuzi wake uliwapatia wanasayansi watatu wa asili ya Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014. Juu ya kipande hicho hupakwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya buluu ile, na machoni petu vikichanganyika huonekana nyeupe. Unga ukiwa mchache, mwanga huwa na ubuluu na lumeni huwa nyingi. Unga ukiongezwa, mwanga huwa na joto kama wa taa ya zamani, na lumeni hupungua kidogo. Anayeuza kwa kushindania namba atachagua buluu. Na kwenye mwanga wa buluu, kahawia ya majani na kahawia ya moma huwa kitu kimoja, kama kijivu.

Kwa hiyo tafuteni kurunzi iliyoandikwa baina ya 3000K na 4500K, na kama wameandika CRI, iwe 90 au zaidi. Hicho ni kipimo cha jinsi mwanga unavyozionyesha rangi kwa ukweli wake, na jua ni 100. Isiyoandikwa lolote, iwasheni dukani juu ya kiganja. Kiganja kikionekana cha maiti, iacheni.

Kuna na barabara. Ile ya Likoni hadi Lunga Lunga akina mama wengi huipita kwa miguu baada ya tarawehe, wakiwa ndani ya buibui nyeusi, na bodaboda nyingine hazina hata taa ya mbele. Dereva hamwoni. Kurunzi ikielekezwa chini, mbele ya miguu, humwangazia mama njia na humwonyesha dereva kwamba hapo pana mtu. Ikielekezwa usoni mwa dereva humpofusha, na aliyepofushwa huja hapo hapo ulipo. Jingine ambalo wengi hawalijui: kurunzi kali ikijiwasha mkobani, au ikiwekwa kifudifudi juu ya nguo nyeusi, huweza kuiunguza, kwani weusi hunywa mwanga na kuugeuza joto. Legezeni kifuniko cha nyuma robo mzunguko kabla ya kuitia mkobani, nayo mara nyingi haitawaka mpaka mkikaze tena.

Wala kurunzi isipite madirishani mwa watu. Surat An-Nur imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu, nao mwale wa mita 200 huingia uani kwa jirani bila ya hodi, ukamkuta mwenyewe kichwa wazi. Vijana wanaopita wakimulika mapaa na madirisha kwa mchezo waambiwe. Na wanaotembea ufuoni Diani usiku wajue kwamba kasa hupanda hapo kutaga, na mwanga mkali huwapoteza watoto wao wanapotafuta bahari. Zimeni, mwezi utawatosha.

Sasa, je, kurunzi mbaya iliyokwisha nunuliwa yaweza kutengenezwa? Mara nyingi yaweza, na hapa ndipo tunapotofautiana na vijana wa mafundi, ambao kurekebisha kwao ni kuongeza. Hulehemu waya wa shaba juu ya springi ili umeme upite kwa wingi, wakatia na betri kali, kurunzi ikawaka kama taa ya gari na kuungua kwa wiki mbili. Sisi twaona kurunzi ndogo yataka kupunguzwa.

Ya mama yule tuliipeleka kwa fundi wa simu Ukunda, tukaifungua pamoja. Ndani mlikuwa na kibao cha duara chenye chipu nane ndogo za aina ya AMC7135. Kila chipu ya aina hiyo hupitisha miliampia 350 hivi, kwa hiyo zote nane hupitisha takriban ampia 2.8. Betri ya kweli ya 3000 mAh ingelidumu saa moja na dakika chache. Ile yake ya gramu 27 wala tusiseme. Na joto lote hilo liliachiwa kiganda chembamba cha alumini. Tulimwomba fundi atoe chipu tano, abakishe tatu. Sasa hupita ampia moja tu, ambayo betri njema huistahimili kwa saa tatu hivi, na kurunzi hubakia vuguvugu. Mwanga haukupungua kwa jinsi mtu angedhani, kwani jicho la mwanadamu halihesabu kama mizani: ukitoa zaidi ya nusu ya umeme, jicho huona kama umepungua kidogo.

Chini ya taa tulikuta pakavu, hapana mafuta ya kupitishia joto, taa imekaa juu ya hewa. Fundi akapaka yale mafuta meupe wanayotumia kwenye kompyuta, tone moja la ukubwa wa punje ya mchele. Taa ya buluu tukaibadilisha kwa ya rangi ya joto aliyokuwa nayo dukani. Mipira ya kuzuia maji tukaisafisha na kuipaka mafuta ya silikoni. Mafuta ya kujipaka mwilini hayafai, kwani baadhi ya mipira huvimba nayo. Kwa upepo wa chumvi wa kwetu, mpira ni nusu ya umri wa kurunzi, na iliyoanguka baharini ioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Betri ya uongo tuliitoa, tukanunua ya kweli yenye kinga ndani, na chaja inayosimama yenyewe. Betri na chaja vilikuwa ghali kuliko kurunzi, na mama alishtuka bei. Tukamwambia ndivyo inavyopasa kuwa.

Rekebisho la mwisho halikugharimu kitu. Tulikata duara la plastiki nyeupe nyembamba kutoka chupa ya maziwa, tukaliweka ndani ya kioo. Mwale ukawa mpana na laini, hauna kile kidoto kikali cha katikati kinachomfanya mtu aone penye doto tu na pembeni awe kipofu. Ile chupa iliyobakia pia ina kazi. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, tuliisimamisha kurunzi yetu wima katika ngazi ya chini, tukaifunika chupa nyeupe ya maziwa, nayo ikaangaza sebule yote kama fanusi mpaka tukalala. Wenye dari nyeupe wanaweza kuielekeza juu bila ya chupa. Wenye makuti watumie chupa, kwani makuti humeza mwanga.

Mama alikuja kuichukua Alhamisi iliyopita pamoja na binti. Binti aliiwasha, akaimulika sakafu, akaimulika mkono wake, kisha akatutazama kwa adabu na kuuliza kwa nini sasa haifiki kwenye mnara wa msikiti kama zamani. Chipu tano zimo ndani ya kikopo cha tambuu mezani petu. Ameuliza kama anaweza kurudishiwa hata moja.